Foleni na Sufuria: Historia ya Vituo vya Kula vya Madereva wa Malori kutoka Pwani hadi Kigali

Ukitafuta historia ya barabara zinazoleta mizigo Rwanda, utapata tani, kilomita na siku. Utaambiwa kwamba kutoka Mombasa hadi Kigali ni karibu kilomita 1,700 na kutoka Dar es Salaam ni karibu 1,500. Utajua lini mikataba ilitiwa saini: ule wa Ushoroba wa Kaskazini mwaka 1985, na ule wa Ushoroba wa Kati mwaka 2006. Ni nadra kusoma dereva alikula nini, wapi, na kwa nini alichagua kusimama pale badala ya kilomita kumi mbele. Insha hii inalichukua swali hilo kama swali la historia. Hoja ninayoitetea ni kwamba vituo vya kula katika njia hizi vilizaliwa na ucheleweshaji: mizani, mpaka, daraja la gari moja moja, vita. Ucheleweshaji ukiondolewa, kituo hufa au huhama, na anayebeba hasara ni mtu asiyekuwemo katika takwimu, yaani mama mwenye sufuria.

Tuanze na neno moja, kwa sababu limesafiri njia hii kabla ya lori la kwanza. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mpagazi alipewa posho. Mara nyingine ilikuwa nafaka, na mara nyingi ilikuwa kitambaa au shanga za kubadilisha na chakula katika vijiji vya njiani. Mpagazi mwenye busara aliitunza shanga yake hadi afike kijiji chenye chakula cha bei nafuu. Asiye na busara aliimaliza mapema akatembea na njaa. Leo dereva wa Tanzania akisema posho, anamaanisha pesa ya safari anayopewa na tajiri wake kabla ya kuondoka. Akivuka kuingia Uganda na kusema posho, ataletewa sahani ya ugali. Maana zote mbili ni za babu mmoja, na hesabu yake haijabadilika: posho hutolewa kwa siku zinazokadiriwa, safari huchukua siku zinazotokea, na tofauti kati ya hizo mbili hulipwa na tumbo la dereva. Ndiyo maana chini ya matela mengi kuna kisanduku cha chuma chenye jiko dogo, unga, vitunguu na chupa ya mafuta ya kula. Siku posho inapoyumba, utingo hushuka na kupika kivulini mwa gurudumu.

Lakini asipopika mwenyewe, dereva huita mahali gani pazuri? Nimezungumza na baadhi yao Masaka, nje kidogo ya mji wetu, na nilitarajia wataanza na pilau. Walianza na uwanja. Mahali pazuri ni pale unapoweza kuegesha gari refu bila kugeuza mara tatu, ukakaa kwenye benchi ukiliona tela lote, taa za nyuma zikiwemo. Mahali ambapo mafuta hayanyonywi usiku na kamba za turubai hazikatwi. Kisha maji ya kuoga. Kisha mama anayeandika deni katika daftari na kulikumbuka gari linaporudi wiki ya tatu. Kwa dereva Mwislamu, kuna suala la nani amechinja, na mwezi uliochorwa ukutani kwa rangi ya kijani humtosha kama barua ya utambulisho. Mchuzi ulikuja mwishoni kabisa. Mpangilio huo wa majibu ulinionyesha kwamba chakula cha barabarani huanza na usalama na imani, na kwamba vitu hivyo viwili huhitaji muda ili vijengeke. Muda huo ulipatikana kwenye foleni.

Mfano ulio wazi kuliko yote umeandikwa katika ramani ya Kenya. Nje ya Nairobi, upande wa barabara ya Mombasa, kuna mji uitwao Mlolongo. Jina lake linaelezwa kutokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa uzito kwenye mizani iliyokuwa hapo. Madereva walisubiri saa nyingi, pengine hadi kesho yake, na mtu anayesubiri hula. Wakaja wauza chai na chapati, kisha hoteli za nyama choma, kisha vyumba vya kulala, kisha mafundi wa tairi. Mizani ilihamishiwa Athi River, lakini Mlolongo haukufa, kwa sababu Nairobi ilikuwa imeukaribia na kuumeza. Miji midogo zaidi haina bahati hiyo. Mtito Andei, uliopo karibu katikati ya njia ya Mombasa na Nairobi, umeishi miaka mingi kwa kulisha wapitao. Treni ya mizigo ya reli mpya ilipoanza mwaka 2018, na hasa serikali ya Kenya ilipotaka mwaka 2019 makontena yote yapande reli, watu waliandamana Mombasa hadi amri hiyo ikasimamishwa. Magazeti yaliandika juu ya wenye malori na mawakala wa forodha. Hoteli za Mariakani, Voi na Mtito Andei zilitajwa kwa sentensi moja moja, ingawa kontena lililo juu ya behewa halina tumbo, na lililo juu ya lori lina matumbo mawili.

Watafiti nao walivitembelea vituo hivi, ila kwa sababu nyingine. Alan Ferguson na Chester Morris walichapisha mwaka 2007 utafiti uliovichora katika ramani vituo vya malori vya barabara hiyo ya Kenya, na lengo lake lilikuwa ngono ya kulipwa na hatari ya UKIMWI. Kazi yao ina thamani na imesaidia kupeleka huduma. Hata hivyo, msomaji wa maandishi ya aina hiyo anaweza kudhani dereva husimama kwa ajili ya mwanamke tu, na kwamba kila mwanamke wa kituoni anauza mwili. Wengi wanauza maharage. Mwanahistoria anayetegemea ripoti za afya pekee atamwona dereva akiwa mgonjwa au mwenye kuambukiza, na hatamwona akiwa na njaa.

Uganda niipite haraka. Lukaya, kwenye barabara ya Masaka, na Namawojjolo, kwenye barabara ya Jinja, ni maarufu kwa kuku na nyama ya kuchoma kwenye vijiti na gonja ya moto, vinavyokimbizwa hadi dirishani. Lakini huo ni ulaji wa basi na gari dogo zaidi kuliko wa lori. Dereva wa tela hapendi kula kwa mkono mmoja.

Rwanda ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi siasa inavyohamisha masufuria, kwa sababu nchi yetu ina milango miwili kuelekea baharini na mara kwa mara mmoja umefungwa. Baada ya uhuru wa 1962, na baada ya muungano wa kiuchumi na Burundi kuvunjika, mzigo wa Rwanda uliitegemea sana Mombasa kupitia Kampala na Gatuna. Miaka ya 1970 China ilisaidia kujenga barabara ya Kigali hadi Rusumo, na tangu 1972 kulikuwa na daraja juu ya mto Akagera linaloiunganisha Rwanda na Tanzania. Mlango wa pili ukawa tayari. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipoivuruga njia ya Uganda, umuhimu wake ulionekana. Oktoba 1990 vita vilipoanza kupitia Kagitumba, njia ya kaskazini ilifungika tena na mzigo ukageukia Rusumo. Mara ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Februari 2019, Gatuna ilipofungwa, kwanza kwa maelezo ya ujenzi na kisha kwa mvutano wa wazi kati ya Kigali na Kampala, hadi 31 Januari 2022. Kila mara kaskazini ilipozimwa jiko, mashariki liliwashwa. Mama aliyekuwa akipika Gatuna mwaka 2018 hakuweza kumfuata mteja wake hadi Ngara.

Na huko Ngara kuna mahali ambapo mwanafunzi wa historia hawezi kupita bila kusimama. Benaco ni jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja au mbili, takriban Wanyarwanda 250,000 walilivuka daraja la Rusumo na kuingia Tanzania, wakati mto chini yao ulikuwa umebeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Benaco ikawa kambi kubwa kwa ghafla, na malori ya mahindi na maharage yakamiminika kuilisha. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa, kambi ikabaki vumbi. Jina halikuondoka. Leo Benaco ni kituo cha malori kabla ya mpaka. Madereva huoga, hula wali na nyama, hubadilisha shilingi kuwa faranga. Wengi wa wanaokula hapo walizaliwa baada ya 1994. Sijui kama kuna mahali pengine katika njia hii ambapo maana ya kusimama imebadilika kiasi hicho ndani ya kizazi kimoja.

Upande huo wa Tanzania una historia yake ya kusubiri. Isaka, mkoani Shinyanga, ilikuwa mwisho wa safari ya behewa na mwanzo wa safari ya lori: mzigo wa Rwanda na Burundi ulikuja kwa reli kutoka Dar es Salaam, ukashushwa kwenye bandari kavu na kupakiwa kwenye magari. Treni ikichelewa, madereva walikaa siku kadhaa, na Kahama jirani ikanufaika. Mbele yake, kuelekea Lusahunga na Biharamulo, kulikuwa na hofu. Miaka ya 1990 na iliyofuata majambazi wenye silaha waliteka magari katika misitu ile, polisi wakalazimika kusindikiza misafara. Neno lenyewe likarudi, msafara, kama enzi za wapagazi. Magari yalikusanyika, yakahesabiwa, yakasubiri askari. Na pale yaliposubiri, moshi wa kuni ulipanda. Dereva hakuchagua mahali pa kula kwa ladha. Alikula pale msafara ulipoundwa, na mama ntilie aliyejua saa ya msafara aliipanga sufuria yake kwa saa hiyo. Kwa haki ya ladha niongeze kwamba ipo sehemu moja ambako karibu kila dereva husimama kwa hiari: Singida, kwa ajili ya kuku wa kienyeji. Huo ni ubaguzi unaothibitisha kwamba madereva wana ulimi pia.

Sasa tufike nyumbani. Lori linalotoka Rusumo husafiri kama kilomita 160, hupita Kayonza na Kabuga, hupita Masaka, hushuka Nyandungu na kupanda Giporoso, halafu liko Remera. Kwa miongo mingi safari haikuishia hapa. Iliendelea hadi Gikondo, kwenye maghala ya Magerwa, shirika lililoanzishwa mwaka 1969, ambako forodha ilifanyika na gari liliweza kukaa siku kadhaa kabla ya kushushwa. Remera ilikuwa mlima wa mwisho, mahali pa kuchungulia mji na kuuliza kama foleni ya Gikondo ni ndefu. Ikiwa ndefu, haraka ya nini?

Aliyekuwa na pesa kidogo na siku mbili za kungoja alienda mbali zaidi, Biryogo na Nyamirambo. Mitaa hiyo ina uhusiano wa zamani na usukani. Utawala wa Wajerumani, uliouanzisha mji wa Kigali mwaka 1907 kwa mkono wa Richard Kandt, ulikuja na askari, makarani na wafanyabiashara wazungumzaji wa Kiswahili, wengi wao Waislamu. Chini ya Wabelgiji shule nyingi zilikuwa za misheni, na familia nyingi za Kiislamu zilibaki nje yake. Vijana wao waliingia katika biashara, ufundi wa magari na udereva. Hivyo dereva kutoka Tanga au Mombasa alipofika Biryogo alikuta chapati, pilau, chai ya tangawizi na watu waliomjibu kwa lugha yake bila kufikiri mara mbili. Bunge letu lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, benchi za migahawa hiyo zilikuwa zimekwisha kukitumia kwa miaka mia moja. Katika masomo yetu tunazungumza sana juu ya jumuiya, mitaala na kamusi kama njia za kueneza lugha. Ningependa sahani ya ugali kwa isombe ipewe nafasi yake, kwa sababu mpishi Mnyarwanda aliyejifunza kuuliza mgeni "ukuongezee mchuzi?" alijifunza kwa ajili ya mauzo, na kujifunza kwa ajili ya mauzo hakusahauliki.

Kisha yakaja mageuzi. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, ushuru ukalipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini, na viongozi wakajivunia kwamba safari ya Mombasa hadi Kigali iliyokuwa ikichukua kama wiki tatu sasa inachukua kama wiki moja. Rusumo, ambako daraja la zamani liliruhusu gari moja kwa wakati, lilijengwa daraja jipya kwa msaada wa Japani, na tarehe 6 Aprili 2016 Rais Kagame na Rais Magufuli walilizindua pamoja na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Siwezi kuandika kana kwamba hayo yalikuwa mabaya. Siku nne za kusubiri mpakani zilikuwa siku nne za mbu, za kujisaidia vichakani, za posho kwisha na mtoto nyumbani kuumwa bila baba kujua. Dereva yeyote angeicheka insha inayoitamani foleni. Ninachodai ni kwamba faida ya mageuzi ilihesabiwa kwa dola kwa kontena, na hasara yake haikuhesabiwa kabisa. Wanawake walioishi kwa foleni hawakuwa na leseni, chama wala ofisa wa kuwaita kwenye mkutano wa wadau. Walijua kwamba mageuzi yamefika siku wali ulipobaki.

Mwaka 2020 uliwafundisha wote kwa ukali. UVIKO-19 ulipoingia, madereva walihesabiwa kuwa ndio wanaoubeba ugonjwa. Rwanda iliagiza madereva wabadilishane mpakani. Kukawa na mvutano Rusumo, na baada ya mazungumzo na Tanzania mwezi Mei mizigo mingi ikawa inashushwa Kiyanzi, wilayani Kirehe. Malori yaliyoruhusiwa kuendelea yalisindikizwa na hayakutakiwa kusimama njiani. Malaba, kati ya Kenya na Uganda, foleni ilienda kilomita nyingi watu wakisubiri majibu ya vipimo. Hapo tulipata foleni ndefu kuliko zote, na sufuria hazikuthubutu kusogea. Wanakijiji waliokuwa wakikimbilia dirisha la lori sasa walilikimbia. Hoja yangu ya mwanzo hapa inahitaji marekebisho kidogo: kuchelewa peke yake hakuzai kituo. Pasipo imani, foleni ni foleni tu, na mtu hula biskuti ndani ya kebini.

Hapa Kigali mabadiliko makubwa yako Masaka. Kituo cha usafirishaji kilichojengwa na kampuni ya DP World kilizinduliwa rasmi mwaka 2019, na makontena mengi yanayotoka Rusumo yanaishia hapo, upande wa mashariki, kabla ya kuupanda mlima wetu. Hakuna wa kuchungulia foleni ya Gikondo kutoka Remera. Tena Kigali si Kahama: uuzaji wa kutembeza mitaani umepigwa marufuku, na mama hawezi kuweka mafiga matatu kando ya lami akangoja. Atahitaji chumba, kodi, mita ya maji. Wachache wamefaulu, wana meza za plastiki na mélange ya mchana, wali, viazi, ndizi, maharage na kipande cha nyama katika sahani moja. Madereva Watanzania niliowakuta waliisifu kwa wingi wake na kuilalamikia kwa kukosa pilipili ya kutosha.

Tanzania na Rwanda zilikubaliana mwaka 2018 kuhusu reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Ikijengwa, Benaco itasubiri kujua kama treni inasimama. Kwa sasa magari yanaingia Masaka kwa miadi, yanashushwa na kugeuza. Wiki niliyokwenda huko, dereva mmoja alikuwa anaelekea Dar es Salaam na tela tupu. Nilimuuliza atakula wapi. Akasema Kahama, kama hapatakuwa na mvua. Deni lake liko kwenye daftari la pale, na asipolipa safari hii atalazimika kutafuta uwanja mwingine wa kulala.